Bandari Ipo, Mwenyeji Hayupo

Malindi iliingia kwenye michezo ya video kabla wengi wa wakazi wake hawajaishika pedi. Mwaka 1993 kampuni ya Koei ya Japani ilitoa mchezo wa safari za baharini ambao kwa Kiingereza uliitwa Uncharted Waters: New Horizons. Mchezaji hupewa meli na mtaji mdogo, akazunguka bahari za karne ya 16 akinunua huku na kuuza kule. Ukipita Rasi ya Tumaini Jema na kupanda kaskazini unakutana na Sofala, Msumbiji, Mombasa, Malindi, Mogadishu. Unatia nanga, unauza, unapakia, unang'oa nanga. Mabaharia wa kuchagua ni sita, kila mmoja na kisa chake: Mreno, Mhispania, Mwingereza, Mholanzi, Mwitaliano na Mturuki. Nahodha wa Malindi hayumo.

Na hii ndiyo bahari ambayo mwaka 1415 wajumbe wa Malindi waliivuka hadi China wakiwa na twiga wa kumzawadia mfalme wa Ming. Ndiyo bahari ambayo Vasco da Gama, baada ya kutoelewana na Mombasa mwezi Aprili 1498, hakuweza kuivuka mpaka mfalme wa Malindi alipompa rubani wa kumfikisha Calicut. Aliyeijua njia alikuwa mtu aliyepandia hapa kwetu. Mchezo mzima ukahusu kujua njia, na yeye hakupewa usukani.

Duniani, ubishi juu ya wahusika wa michezo ya video umekuwa wa kuhesabu nyuso: weusi wangapi, wanawake wangapi, wameanza kuonekana lini. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini ukiitumia kwa Pwani ya Kenya utapotoka, kwa sababu sisi tumo ndani ya michezo hii kwa zaidi ya miaka 30. Kwanza ilichukuliwa bandari. Baadaye ikachukuliwa miji mizima, kisha lugha. Kilichokawia ni mtu: mhusika unayemwongoza mwenyewe kwa pedi, anayeamua, anayekosea, anayelia. Naiandika historia hii kwa sababu vijana wa Kilifi na Malindi wanakua ndani yake, na bado hakuna aliyewaeleza imeanzia wapi.

Mkenya wa kwanza kupata umaarufu wa dunia katika michezo hii alizaliwa Osaka, kwenye ofisi za Capcom. Ni Elena, aliyetokea mwaka 1997 katika Street Fighter III. Amechorwa mrefu, mweusi wa rangi, nywele nyeupe, macho ya samawati, amevaa vitambaa viwili vya kuogelea na bangili za rangi shingoni, mikononi na miguuni. Ni binti wa chifu wa kabila lisilotajwa, na uwanja wake wa kupigania ni nyika. Anapigana kwa mateke ya kapoeira, sanaa ya Waafrika waliopelekwa utumwani Brazili. Ukimtazama kwa jicho la Mkenya unaona mbuga ya watalii iliyopewa miguu. Hata hivyo sikubaliani na wanaomtupa moja kwa moja. Elena anacheka na anacheza ngoma huku akipigana, anasafiri kwenda kusoma ng'ambo, na hashindwi kwa sababu ya asili yake. Msichana aliyeingia kwenye kibanda cha gemu miaka ile akamwona mpiganaji wa Kenya alikuwa na haki ya kufurahi. Capcom walimrudisha mwaka 2014, na tena mwezi Juni 2025 katika Street Fighter 6, akiwa amechorwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Lakini kabila lake hadi leo halina jina.

Baada ya Elena zamu ikawa ya miji. Tarehe 9 Novemba 2004 Wamarekani wa Bungie walitoa Halo 2, na vita vyao dhidi ya viumbe wa anga za mbali, mwaka 2552, vikatua Mombasa Mpya, jiji la maghorofa lenye mnara wa kupandia angani. Halo 3 ya mwaka 2007 ikashuka Voi na barabara ya Tsavo. Mwaka 2009 ikaja Halo 3: ODST, ambayo takriban yote inachezwa ndani ya Mombasa Mpya, na sehemu ya kuzurura mitaani ni usiku, mji ukiwa mtupu na mvua ikinyesha. Sehemu za mchezo zina majina kama Kizingo, Kikowani na Tayari. Mtu wa Mombasa akiyasoma anajua kwamba aliyeyaandika alikuwa na ramani ya kisiwa mezani, na hilo linastahili heshima.

Ila tazama nani anatembea kwenye mitaa hiyo. Mchezaji ni askari aliyeangushwa kutoka angani. Wenyeji wameuawa au wamekimbia. Mmoja tu ndiye aliyepewa kisa kirefu, msichana anayeitwa Sadie Endesha, anayehangaika kuvuka mji unaoteketea akimtafuta baba yake mwanasayansi. Kisa chake ni kizuri. Kwa maoni yangu kinakishinda kile cha askari. Nacho kimekatwa vipande vipande vya sauti na kufichwa kwenye simu na mashine za mitaani, uvipate ukivitafuta. Unaweza kuumaliza mchezo wote wa Mombasa bila kumsikia binti wa Mombasa hadi mwisho wa kisa chake.

Katika miaka hiyo hiyo lugha yetu nayo ilichukuliwa, mara mbili, kwa namna zinazopingana kabisa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2005. Mchezo wa Civilization IV, ambamo mchezaji hujenga dola kuanzia kijiji hadi chombo cha angani, ulifunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu", sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Christopher Tin, mtunzi wa Kimarekani. Mwezi Februari 2011 wimbo huo ukawa kazi ya kwanza ya muziki wa michezo ya video kushinda tuzo ya Grammy. Kwaya za kila bara zimeuimba, na mamilioni ya watu waliosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani walikisikia humo, kikiwa na adhama. Ukishabonyeza kitufe cha kuanza, Kiswahili kinaishia hapo. Dola za Kiafrika zilizokuwemo kwenye toleo la kwanza ni Misri na Mali. Kilwa, Pate, Malindi na Mombasa, miji iliyojenga misikiti ya mawe ya matumbawe na kufanya biashara na Uajemi, Bara Hindi na China, haikuwemo.

Mara ya pili ndiyo iliyoacha kidonda. Mwezi Julai 2007 Capcom, wale wale wa Elena, walionyesha filamu fupi ya kutangaza Resident Evil 5. Mzungu mwenye bunduki anatembea kwenye kijiji cha Kiafrika chenye jua kali na vumbi. Wanakijiji wanamkodolea macho, wanabadilika, wanamvamia, naye anawamiminia risasi. Wanawake weusi waliandika mapema kabisa kuikosoa filamu ile, wakatukanwa kwa hilo. Mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi mweusi wa jarida la Newsweek, alieleza kwamba picha zile zimebeba historia ndefu ya kumchora Mwafrika kama mnyama, na kwamba waliozitengeneza hawakuonekana kuijua. Waliompinga walisema Resident Evil 4 iliwaua wakulima wa Kihispania na hakuna aliyelalamika. Jibu la hoja hiyo halihitaji chuo kikuu. Hakuna aliyepakiwa melini kutoka Hispania kwa madai kwamba si mtu kamili.

Mchezo ulitoka mwezi Machi 2009, ukauzwa mno. Capcom walikuwa wamemwongeza Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika anayepigana bega kwa bega na Mzungu yule, na baadhi ya wahariri wakaona neno limekwisha. Halikuwa limekwisha. Kadiri mchezo unavyosonga, watu wa mjini wanafuatwa na wapiganaji wa mabwawani wenye vinyago, mikuki na sketi za majani, na Sheva mwenyewe ana vazi la ziada la kufunguliwa na mchezaji hodari, vazi linalomwacha karibu uchi kwa jina la ukabila.

Mabishano yote hayo, ya Marekani na Ulaya, yalipita kando ya jambo moja ambalo mtoto wa Kilifi aliligundua dakika ya kwanza. Maadui wale wanaongea Kiswahili. Kijuju, mji wa kubuni ambao mchezo wenyewe unauweka Afrika Magharibi, umejaa watu wanaopiga kelele kwa lugha ya Pwani ya Mashariki, na jina lao katika mchezo ni Majini. Kwa mchezaji wa London kelele zile ni vitisho tu. Mchezaji wa Mtondia anazielewa. Anaketi upande wa bunduki, na wale anaowapiga risasi wanaongea kama shangazi zake.

Nami nakaa kidogo kwenye hilo la majini, kwa sababu kwenye pwani hii si mchezo. Kuanzia Mnarani hadi Mambrui, Mwislamu na Mgiriama, msomi na asiyesoma, wanajua nyumba ambamo pepo alipungwa. Wapo pepo wa Kiarabu, wapo wa Kisomali, wa bara na wa baharini, kila mmoja na ngoma yake, kitambaa chake na ubani wake. Anayepandwa ni mgonjwa wa kutibiwa. Jamaa humzunguka, humwimbia, humuuliza pepo anataka nini. Pepo hujibu na watu hupatana naye. Katika Kijuju aliyeingiwa na majini ana dawa moja, nayo ni risasi ya kichwa.

Sidai kwamba mchezo wa Japani umemuua mtu Kilifi. Lakini kaunti hii ina maiti za kweli. Kwa miaka mingi wazee wenye mvi na macho mekundu kwa moshi wa jikoni wamekuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba linalogombewa. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee walionusurika wamehifadhiwa kwa juhudi za chama cha utamaduni cha Malindi, kinachojulikana kwa kifupi MADCA. Katika mazingira kama haya, namna mganga, mzee na aliyepandwa na pepo wanavyochorwa ni suala la uhai. Filamu za Nollywood zinamchora mganga kama mwovu, mahubiri ya redio yanamchora hivyo hivyo, na kijana akitoka hapo akaingia kibandani anamkuta kwenye mchezo wa video akiwa adui wa kulengwa.

Wakenya hawakukaa kimya. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu ambamo mwanamke wa Kiafrika anatafuta vitu vya kale vilivyofichwa barani, na baadaye akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha studio ya Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mchezo wa bunduki mitaani Nairobi. Kazi hizi zilifanywa kwa fedha kidogo na ujasiri mwingi. Zote zilitazama upande wa bara.

Malindi yenyewe ilipata usukani kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 2013 kampuni ya Paradox ya Uswidi ilitoa Europa Universalis IV, mchezo wa ramani unaoanza Novemba 1444, na humo unaweza kuichagua Malindi, au Kilwa, Mombasa, Pate. Unaweza kujenga merikebu kabla Mreno hajafika. Unaweza kumkatalia rubani, au kupatana na Mombasa badala ya kugombana nayo, ukaona karne ya 16 inakwendaje. Kwa mtoto wa shule aliyefundishwa kwamba historia ya mji wake ni nguzo ya Vasco da Gama pale baharini, hilo ni jambo kubwa. Upungufu wake ni kwamba dola yako ni rangi kwenye ramani. Hakuna uso wala sauti, na hakuna anayekuita kwa jina.

Miaka miwili baadaye ukaja mfano wa kinyume. Novemba 2015 mchezo wa Age of Empires II uliongezewa sehemu iliyopewa jina la falme za Kiafrika. Waliongezwa Waberberi, Wahabeshi, Wamali, na wa nne wakawa Wareno. Waswahili hawakuongezwa. Kisa cha Wareno kinamfuata Francisco de Almeida, na kipande kimoja kinamleta kwenye pwani yetu. Mchezaji ndiye Almeida. Katika historia, huyu ndiye aliyeiteka Kilwa mwezi Julai 1505, na mwezi uliofuata akaipora na kuichoma Mombasa. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi barua akimsimulia mauaji yalivyokuwa na jinsi mji ulivyonuka maiti. Barua ile ilitoka kwa mfalme aliyechomewa mji kwenda kwa mfalme aliyefanya urafiki na waliouchoma. Sijui mwandishi wa michezo angetaka kisa gani zaidi ya hicho. Kipo, kimeandikwa, na kwenye sehemu iliyoitwa ya falme za Kiafrika alipewa kipaza sauti aliyeshika kiberiti.

Ndipo tunafika tarehe 23 Aprili 2024. Siku hiyo ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Surgent Studios ya Uingereza inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji walikuwa wanaijua sauti yake tangu 2017, alipoigiza Bayek wa Misri katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na mchezo huu ulitoka ndani ya msiba huo. Kijana Zuberi amefiwa. Anafungua kitabu alichoachiwa na baba yake, na ndani yake mnaishi Zau, mganga mdogo anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie baba. Kalunga anamdai roho tatu kubwa. Zau anavaa kinyago cha jua na kinyago cha mwezi, anapigana akicheza, na kila vita ikiisha anaongea na mungu wa mauti kama mtoto anavyoongea na babu mkali. Salim amesimulia kwamba babu yake mwenyewe alikuwa mganga. Na mchezo wote unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili.

Nimeucheza kwa Kiswahili. Zau anasema "Baba" na hakuna anayebadilika kuwa adui. Lugha ile iliyopewa majini wa Kijuju mwaka 2009 imepewa mtoto anayeomboleza, naye ndiye ninayemwongoza. Kuna mahali anachoka, anakaa chini ya mbuyu, Kalunga anakaa kando yake, na mchezo unamwacha aseme uchungu wake pasipo adui wa kupigwa. Kwa maoni yangu vipindi hivyo vimefanya zaidi ya miaka kumi ya makala za kudai usawa.

Si kwamba hauna la kukosolewa. Roho tatu zile zimetoka kusini kwa Wakhoikhoi na Wanguni, na magharibi upande wa Senegambia. Kalunga ni wa Kongo na Angola. Bara zima limechotwa, na mtu wa Rabai au Kaloleni akitafuta koma, mizimu ya kwao, hataiona. Hilo ni deni halali la kudai. Lakini waliomshambulia Salim hawakuwa wakidai hilo. Mara tu mchezo ulipotoka, yeye na wenzake walimiminiwa matusi ya rangi kwenye mitandao, na kundi la wachezaji likautangaza kuwa ushahidi kwamba utofauti unalazimishwa. Mtu ameandika msiba wa baba yake akaambiwa amepachika weusi mahali pasipowahusu! Salim alijitokeza hadharani akayazungumzia matusi hayo bila kuomba radhi kwa kuwepo kwake. Mwezi Julai 2024 studio ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi, na Oktoba ikatangaza kwamba idara ya michezo itasimama kwa kukosa fedha. Aprili 2025 Akademia ya Filamu na Televisheni ya Uingereza, BAFTA, iliupa mchezo huo tuzo ya kazi iliyovuka burudani. Mwaka huo huo studio ikarudi na mchezo mwingine, Dead Take.

Mwaka 2025 pia, studio ya Nyamakop ya Afrika Kusini ilitangaza Relooted, ambamo kikosi cha Waafrika kinaingia kwenye makumbusho na nyumba za Ulaya na Marekani kutwaa vitu vilivyoporwa. Vitu hivyo ni vya kweli. Kimojawapo ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuishia British Museum. Mto Tana uko kaskazini yetu tu, na kusini yake, ndani ya Kilifi, kila ukoo wa Giriama una hadithi ya kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, kilichong'olewa usiku na kuuzwa. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Na akitafutwa mhusika wa kuongozwa kwa pedi, je, Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu? Huyo hana haja ya kubuniwa mateke ya kapoeira. Kaya Fungo alikoapishia watu ililipuliwa kwa baruti mwaka 1914, na msitu wake upo.

Ugumu uliobaki nauona Maweni, Malindi, kwenye vibanda vya gemu. Mwenye kibanda hulipwa kwa mechi. Vijana wawili wanakaa, wanachapana mpira, aliyefungwa anainuka na mwingine anaketi. Miaka ile mwanasoka Victor Wanyama alipokuwa Celtic, kisha Southampton na Tottenham, walimchagua kwa sababu alikuwa Mkenya na alikuwa mle ndani. Hadithi ya mtu mmoja inayochukua siku kadhaa hailipi hata umeme. Isitoshe, Zau ilitengenezwa kwa PS5, Xbox za karibuni, Switch na kompyuta, na mashine za vibandani nyingi ni za zamani kuliko hizo. Nilipowasimulia vijana pale kwamba kuna mchezo wa mganga unaoongea Kiswahili, mmoja aliuliza, "Na anashinda?" Mwenzake akamkatiza: "Iko wapi tuicheze?"

Kila Agosti MADCA hufanya tamasha la Mekatilili, na wazee wa kaya hushuka Malindi na ngoma zao. Kaunti inaweza kununua mashine moja na kioo kikubwa ikaviweka pale tamashani, mchana kutwa, bure, mchezo wa Zau ukichezwa kwa Kiswahili. Vijana washike pedi, wazee wakae nyuma yao. Na Zau akifika kwa Kalunga, mzee aulizwe kama kwa Wagiriama mtoto aliyefiwa huendea nani, na jibu lake lirekodiwe kwa ajili ya atakayeandika mchezo unaofuata.